Protini Inapogusa Lipidi: Namna ya Kuusoma Uso wa Maji

Una protini kwenye friza. Unashuku kwamba kazi yake haifanyiki ndani ya maji ya seli bali kwenye utando, ule ukingo mwembamba wa fosfolipidi unaoizunguka seli. Swali lako ni jepesi kulitamka: je, protini hii huushika utando, na ikiushika, hujipenyeza ndani au hukaa juu tu? Ipo njia nafuu ya kuanza kulijibu, nayo haidai hadubini ya mamilioni. Inadai maji safi, mizani ya kuaminika, lipidi kidogo na subira ya kusafisha vyombo. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, na ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu mbele ya kipimo hiki uchafu na protini huonekana sawasawa.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Molekuli ya maji iliyo katikati ya chombo huvutwa na wenzake kutoka pande zote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake upande wa hewa, kwa hiyo uso mzima hujikaza. Mkazo huo ndio mvutano wa uso, na kwa maji safi ni milinewton 72.8 kwa mita (mN/m) katika nyuzi 20 za selsiasi, na 72.0 katika nyuzi 25. Ukidondosha fosfolipidi juu ya maji, kila molekuli huzamisha kichwa chake kinachopenda maji na kuelekeza mikia yake miwili ya mafuta hewani. Tabaka hilo lenye unene wa molekuli moja hupunguza mvutano. Tofauti kati ya mvutano wa maji matupu na mvutano mpya huitwa shinikizo la uso. Ukisoma 42.0 katika nyuzi 25, basi shinikizo lako ni 30.0. Kuanzia hapa nitataja shinikizo tu, kwa kuwa ndilo watu wa fani hii wanaloandika kwenye daftari.

Sasa ingiza protini ndani ya maji, chini ya tabaka hilo, bila kubadili eneo la uso. Ikijibanza kati ya lipidi, msongamano huongezeka na shinikizo hupanda. Isipojibanza, namba hubaki ilipokuwa. Hoja yote imesimama juu ya kupanda huko.

Usiogope kwamba huna mtambo. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, hakuwahi kusoma chuo kikuu. Akiwa nyumbani alitengeneza trei ya bati yenye kizuizi cha kusogeza, akapima mvutano kwa kifungo kilichoning'inizwa kwenye mizani. Mwaka 1891 Lord Rayleigh aliipeleka barua yake kwenye jarida la Nature ikachapishwa. Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric alichapisha kazi yake kuu juu ya matabaka haya mwaka 1917, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Trei hadi leo huitwa kwa jina la Langmuir, ingawa wazo la trei na kizuizi lilikuwa limeshatoka kwa yule dada.

Kipimo chenyewe ni cha Ludwig Wilhelmy, cha mwaka 1863. Unaning'iniza kibapa chembamba chini ya mizani hadi kiguse uso wa maji. Maji hukivuta chini, na nguvu ya mvuto huo ukiigawa kwa mzingo wa kibapa unapata mvutano, mradi maji yanakilowanisha kabisa. Kibapa cha platini hufanya kazi vizuri lakini kina bei na kinahitaji kuchomwa kwa moto kila mara. Mimi napendekeza karatasi ya kuchujia. Hulowa kabisa, ni rahisi, na ukimaliza unaitupa. Kata kipande chenye upana wa sentimita moja. Mzingo wake ni karibu milimita 20, kwa hiyo maji safi yatakivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa miligramu 149 hivi. Kila miligramu moja ni karibu 0.5 mN/m. Mizani ya maabara inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, yenye ndoana ya kuning'iniza chini yake, inatosha kabisa kutambua badiliko la 0.05 mN/m. Mizani ya namna hiyo ipo katika maabara nyingi za kemia, mara nyingi ikipima chumvi tu.

Iache karatasi ilowe vizuri kabla ya kuweka sifuri, kisha ihakiki kwa kioevu cha pili unachokijua. Ethanoli safi ina mvutano wa 22.3 hivi katika nyuzi 20. Ukipata namba za maji na za ethanoli kama zinavyotakiwa, kibapa chako kinasema kweli.

Trei iwe ya Tefloni, kwa sababu lipidi haishiki hapo na uso wake husafishika. Kama huna ya kununua, fundi mwenye mashine ya kukerezea anaweza kukuchongea kisima cha duara kutoka kwenye kipande cha Tefloni, chenye tundu dogo ubavuni, chini ya usawa wa maji, la kupitishia sindano. Kwa majaribio ya kuingiza protini, kisima kisicho na kizuizi cha kusogea hutosha: shinikizo la kuanzia unalipanga kwa kuongeza au kupunguza lipidi unayodondosha. Tena kisima kidogo kinakuokolea protini, na anayesafisha protini yake mwenyewe anajua kila mikrogramu ilivyomtoa jasho.

Haya, usafi. Molekuli chache za mafuta ya kidole zinatosha kuharibu siku nzima. Usiguse sehemu yoyote itakayokutana na maji. Glavu zenyewe zina mafuta na poda, na klorofomu hupenya glavu nyingi za kawaida, hivyo zibadilishe mara moja zikidondokewa. Usitumie ncha za plastiki kuchota lipidi iliyoyeyushwa kwa klorofomu, kwani klorofomu hunyonya viambata vya plastiki na kuvimwaga kwenye uso wako. Tumia sindano ya kioo. Sabuni ni adui wa pekee: kazi yake ni kukaa juu ya maji, na ikibaki kidogo tu kwenye bika itajitokeza kama protini bora kuliko zote ulizowahi kupima. Osha trei kwa ethanoli, kisha klorofomu ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, kisha suuza mara nyingi kwa maji safi.

Na maji safi ni yapi? Siyo maji ya betri ya dukani. Hata mtambo wa maabara unaoonyesha ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2 usikulevye. Kipimo hicho huona chumvi, yaani vitu vyenye chaji. Mafuta hayana chaji, yanapita bila kuonekana. Shahidi pekee wa maji yako ni uso wake wenyewe. Jaza trei, fyonza uso kwa bomba jembamba la kioo lililounganishwa na pampu, kisha sukuma kizuizi hadi eneo libaki sehemu ya kumi. Shinikizo likipanda zaidi ya 0.2 mN/m, mwaga uanze upya. Kama kisima chako hakina kizuizi, weka sifuri na utazame uso mtupu kwa saa nzima. Rudia zoezi hilo kwa bafa pia, maana chumvi za bafa huja na uchafu wake.

Joto nalo liangalie. Mvutano wa maji hushuka karibu 0.15 mN/m kwa kila nyuzi moja. Ukifanya kazi Mombasa au Dar es Salaam, umeme ukikatika na kiyoyozi kikizimika, chumba kikipanda nyuzi tano utaona shinikizo limepanda kama 0.8 bila protini yoyote kufanya lolote. Kiyoyozi kikiwaka nacho kina balaa lake: upepo wake hukausha maji. Usawa wa maji ukishuka milimita moja, sehemu ya karatasi iliyokuwa imezama hutoka nje na kuongeza uzito wa miligramu mbili hivi, na namba yako hudanganya kwa karibu 1 mN/m kuelekea chini. Funika trei kwa kasha, weka chombo cha maji ndani ya kasha hilo, na ukiweza zungusha maji ya joto linalodhibitiwa chini ya trei.

Tuje kwenye lipidi. Chukua fosfatidilikolini yenye mikia ya palmitiki, inayofahamika kwa ufupisho wa DPPC. Uzito wake wa molekuli ni 734. Tuseme trei yako ina eneo la sentimita za mraba 80, yaani nanomita za mraba 8 × 10¹⁵. Ukitaka uanze na nafasi ya nanomita moja ya mraba kwa kila molekuli, unahitaji molekuli hizohizo 8 × 10¹⁵, ambazo ni nanomoli 13.3, au mikrogramu 9.8. Ukiwa na myeyusho wa miligramu moja kwa mililita, hiyo ni chini kidogo ya mikrolita 10. Fanya hesabu hii kabla hujashika sindano. Wanaodondosha kwa kukisia hujikuta wana matabaka mawili na vipande vinavyoelea.

Dondosha taratibu, tone dogo likining'inia kwenye ncha ya sindano liguse uso tu, lisianguke. Hamisha mahali pa kila tone. Kisha ngoja dakika 10 hadi 15 klorofomu iishe yote hewani. Mabaki ya klorofomu usiyamwage kwenye sinki, yana chupa yake.

Kabla ya kuunganisha wawili hawa, pima protini peke yake kwenye bafa isiyo na lipidi. Ukiruka hatua hii, mengine yote hayana maana. Protini nyingi hupenda uso wa maji zenyewe: hufunguka, huelekeza sehemu zake za mafuta hewani, na kupandisha shinikizo bila msaada wa lipidi hata moja. Albumini ya damu hufanya hivyo, na kasini ya maziwa pia. Ongeza kiasi cha protini hatua kwa hatua hadi shinikizo likome kupanda. Kiwango hicho cha kukoma kiandike, na kiasi cha protini kilichokufikisha hapo ndicho utakachotumia katika majaribio yote yanayofuata. Halafu choma bafa tupu ya protini, yenye kila kitu isipokuwa protini yenyewe. Glaseroli, imidazoli na hasa sabuni iliyotumika kusafishia protini ya utando hujificha humo. Bafa hiyo ikipandisha namba, tatizo lako ni la bafa, na dawa yake ni kuibadilisha kwa kuchuja kupitia utando wa dayalisisi, ukijua kwamba sabuni nyingine haziondoki kirahisi.

Sasa jaribio. Panga tabaka la lipidi kwa shinikizo la kuanzia, tuseme 10. Ngoja litulie. Pitisha sindano kwenye tundu la ubavuni, choma protini chini ya tabaka pasipo kulitoboa, na ukoroge polepole kwa kisumaku kidogo. Ujazo unaoingiza uwe mdogo, chini ya asilimia moja ya maji yaliyomo. Kisha kaa. Peptidi ndogo huweza kumaliza kazi kwa dakika, protini kubwa huchukua saa moja au zaidi. Andika kupanda kwa shinikizo kuanzia ulipochoma hadi namba ilipotulia. Safisha kila kitu, anza tena kwa shinikizo la 15, kisha 20, 25, 30. Kila nukta ni tabaka jipya na protini mpya. Hakuna njia ya mkato, na anayepandisha shinikizo la tabaka lilelile lililokwisha kuingiwa na protini hajui tena anapima nini.

Chora grafu: mlalo uwe shinikizo la kuanzia, wima uwe kupanda. Nukta zitakaa karibu na mstari unaoshuka, kwa sababu lipidi zikisongamana zaidi nafasi ya kupenya hupungua. Uendeleze mstari hadi unapokata mlalo. Hapo ndipo shinikizo la juu kabisa ambalo protini yako bado inaweza kupenya.

Namba hiyo ilinganishwe na nini? Lipidi katika kila upande wa utando halisi zimesongamana kwa kadiri inayolingana na shinikizo la 30 hadi 35 mN/m kwenye trei. Mstari wako ukikata juu ya hapo, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba protini inaweza kujipenyeza kwenye utando wenye msongamano wa kawaida. Ukikata kwenye 22, basi kupanda kukubwa ulikokuona ulipoanzia 5 kusikudanganye. Ripoti zinazojigamba kwa jaribio moja tu lililofanywa kwenye shinikizo la chini zipo, nami huzisoma kwa mashaka. Tabaka lililolegea hupokea karibu kila kitu.

Chukua mfano wa kubuni. Ulianzia 10 ukapata kupanda kwa 15, ukaanzia 20 ukapata 10, ukaanzia 30 ukapata 5. Mstari unakata mlalo kwenye 40, na mteremko wake ni −0.5. Tuseme protini peke yake ilifika 16. Angalia: protini ambayo haijali lipidi kabisa, inayopigania nafasi juu ya maji tu, ingepanda hadi 16 popote ulipoanzia, na mteremko wake ungekuwa −1. Kwa hiyo ongeza 1 kwenye mteremko uliopata. Jibu lako ni 0.5, zaidi ya sifuri, na maana yake ni kwamba lipidi zinaikaribisha. Jibu la sifuri lingesema hakuna urafiki wala uadui. Likiwa chini ya sifuri, lipidi zinaisukuma nje. Namba mbili, makutano na mteremko, zinaeleza mengi kuliko moja.

Thamani ya kweli inaanza unapobadilisha lipidi. Magainini ni peptidi ya asidi amino 23 zenye chaji chanya, ambayo Michael Zasloff aliichapisha mwaka 1987 baada ya kuitoa kwenye ngozi ya chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Huua bakteria, lakini huzistahi seli za wanyama kwa kiasi kikubwa. Kwa nini? Utando wa bakteria umejaa lipidi zenye chaji hasi kama fosfatidiligliseroli, ilhali upande wa nje wa utando wa seli zetu umetawaliwa na lipidi zisizo na chaji ya ziada. Andaa matabaka mawili, moja la kila aina, ufanye mfululizo mzima kwa yote mawili, kisha uweke mistari miwili kwenye grafu moja. Halafu rudia lile lenye chaji hasi ukiongeza chumvi hadi milimola 150 na zaidi. Chumvi hufunika chaji. Upenyaji ukififia, mvutano wa chaji ndio ulioileta peptidi usoni. Ukibaki, basi mafuta ya peptidi yenyewe yanafanya kazi.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki hakiwezi kukuambia. Protini inaweza kung'ang'ania vichwa vya lipidi kutoka chini bila kujipenyeza, na shinikizo lisisogee. P. J. Quinn na R. M. C. Dawson walilikabili hilo mwaka 1969 walipochunguza saitokromu c na kadiolipini. Walitia kaboni 14 kwenye protini, wakapima shinikizo pamoja na mionzi inayotoka usoni. Mionzi ya kaboni 14 ni dhaifu kiasi kwamba maji yenyewe huimeza, kwa hiyo inayofika kwenye kihesabio ni ile ya protini zilizo juu kabisa. Leo kuna njia zisizo na mionzi, kama hadubini ya pembe ya Brewster, inayoonyesha tabaka lilivyo kwa mwanga unaoakisiwa. Kwa vyovyote, namba isipopanda usiandike kwamba protini haishiki lipidi. Andika kwamba haikupenya.

Pili, tabaka moja ni nusu ya utando. Protini inayovuka utando mzima haina pa kuvukia hapa. Lakini kuna mahali mwilini ambapo trei siyo mfano wa kitu, ndiyo kitu chenyewe: vifuko vya hewa vya mapafu. Humo maji hukutana na hewa kweli, na juu yake kuna tabaka la lipidi, nyingi zikiwa DPPC, pamoja na protini chache. Kwa uzito, lipidi ni kama asilimia 90 na protini asilimia 10. John Clements alitumia trei na mizani mwaka 1957 kuonyesha kwamba maji ya mapafu hushusha mvutano uso unapobanwa. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua yalikosa uwezo huo. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake nchini Japani walichapisha matibabu ya watoto kumi kwa lipidi zilizotokana na mapafu ya ng'ombe. Na protini? Ile inayoitwa SP-B ni ndogo, asidi amino 79, lakini mtoto anayezaliwa bila kuwa nayo kabisa hushindwa kupumua hata kama lipidi zipo, na bila kupandikizwa mapafu kwa kawaida hufariki. Anayepima SP-B juu ya trei hatafuti upenyaji peke yake. Huubana na kuuachia uso mara kwa mara katika nyuzi 37, akiangalia kama tabaka linarudi kujitandaza upesi, na kama mvutano unashuka hadi karibu na sifuri linapobanwa.

Unapoandika matokeo, taja joto, bafa na chumvi yake, lipidi na mahali ilikonunuliwa, eneo na ujazo wa trei, kiasi cha mwisho cha protini, shinikizo la protini peke yake, na namba ya bafa tupu. Weka grafu ya muda, siyo nukta za mwisho tu, ili msomaji aone kama kweli ulingoja hadi namba ikatulia. Fanya kila nukta angalau mara tatu, na mojawapo kwa protini iliyosafishwa upya. Ikiwa kundi la kwanza na la pili la protini hayakubaliani, rudi kwenye bafa tupu kabla hujarudi kwenye nadharia.